Kitambaa cha kufunikia boti hapa Mwanza: tuanze na unyevu unaopanda kutoka chini

Wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Mwezi uliopita kijana wa jirani yangu hapa Luchelele alinunua boti ya faiba yenye urefu wa mita 6, akaja kuniuliza anunue turubai gani la kuifunikia. Jibu nililompa lilikuwa refu, na niliporudi nyumbani niliona ni afadhali niliandike lote, kwa sababu swali hilo nimeulizwa mara nyingi mwaloni na kila mara naona watu wakilipa upya gharama ambazo mimi nimekwisha kuzilipa. Wengi wetu tunaponunua kifuniko tunauliza jambo moja tu, yaani kama kinazuia mvua. Baada ya kufunika boti ileile kwa vitambaa vya aina tatu, nimeamini kwamba swali la kwanza linapaswa kuwa jingine: unyevu ulio ndani ya boti utapata wapi njia ya kutoka baada ya kuifunika?

Kifuniko changu cha kwanza kilikuwa turubai jepesi la plastiki, yale ya bluu yanayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Nililifunga mwezi Juni, mvua zikiwa zimekwisha. Kufikia Septemba kingo zake zilikuwa zimeanza kumeguka kama maganda makavu ya kitunguu, na upepo wa mchana ulipolipiga, vipande viliangukia majini na kuzagaa mchangani, jambo lililoniumiza kuliko hasara yenyewe. Turubai la namna hii ni nyuzi bapa za poliethilini zilizofumwa na kupakwa tabaka jembamba la plastiki hiyohiyo, na mionzi ya urujuanimno ya jua huivunjavunja plastiki hiyo taratibu hadi inakauka na kukatika. Huku kwetu mionzi hiyo ni mikali kuliko tunavyoihisi. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, mji wetu uko kati ya nyuzi 2 na 3 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mara 2 kila mwaka. Hewa ya nchi ya juu ni nyembamba na huchuja mionzi kidogo kuliko hewa ya Pwani, ilhali upepo wa ziwani unatupoza tusitambue. Turubai la bluu lina kazi zake, kama vile kufunika simenti kwa wiki mbili, lakini si kifuniko cha boti inayokaa juani mwaka mzima.

Nikaenda upande wa pili kabisa, nikanunua turubai zito la lori. Hili ni kitambaa cha poliesta kilichopakwa PVC, aina ya plastiki, pande zote mbili, na uzito wake kwa kawaida ni kati ya gramu 500 na 700 kwa kila mita ya mraba. Halipitishi tone la maji na linastahimili kusuguliwa. Masika ile mvua ilinyesha usiku baada ya usiku nami nikalala bila wasiwasi. Nilipolifunua baada ya wiki tatu nilikuta harufu nzito ya kuvu, viti vimeota madoa meusi, na upande wa ndani wa turubai umejaa matone kana kwamba mvua ilikuwa imenyesha humo humo. Ubao wa tezi, mahali injini inapofungwa, ulikuwa umelainika kiasi kwamba ncha ya bisibisi ilizama bila kusukumwa kwa nguvu.

Nilidhani turubai limetoboka. Nililining'iniza kwenye kamba, nikalimwagia ndoo kadhaa za maji, halikuvuja popote. Ndipo nilipoelewa kwamba maji yale hayakutoka juu. Maji kidogo yaliyobaki chini ya sakafu hugeuka mvuke mchana boti inapopata joto, mvuke huo hupanda, hukutana usiku na turubai lililopoa, hugeuka matone, hudondoka, na kesho yake safari huanza upya. Kitambaa kisichoruhusu maji kuingia hakiruhusu mvuke kutoka pia, isipokuwa umeuachia njia nyingine.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu kuliko kwa wenzetu wa Dar es Salaam au Tanga. Chumvi huwadhoofisha kuvu wanaoozesha mbao, na waundaji wa meli za zamani waliwahi hata kushindilia chumvi katikati ya mataruma, yaani mbavu za chombo, ili mbao zidumu. Ziwa letu ni la maji baridi, na mvua nayo ni maji baridi, hivyo kuvu hawana wa kuwazuia. Boti ya mbao, au ya faiba yenye mbao ndani ya tezi na sakafu, inaweza kuoza chini ya turubai ambalo kila mpita njia analisifu.

Kitambaa cha tatu, ambacho kiko juu ya boti yangu mwaka wa sita sasa, ni akriliki, kitambaa cha nyuzi zinazotengenezwa kiwandani. Aina inayofahamika zaidi ni Sunbrella, ambayo kampuni ya Glen Raven ya Marekani imeitengeneza tangu 1961, ingawa zipo nyingine. Ubora wake unaanzia kwenye rangi. Vitambaa vingi hufumwa kwanza vikiwa vyeupe kisha hutiwa rangi, na rangi hiyo hukaa nje ya uzi, kama kiazi chenye ngozi nyekundu ambacho ukikimenya ndani ni cheupe. Akriliki ya boti hutiwa rangi malighafi ikiwa bado ni majimaji, kabla haijawa uzi, kwa hiyo iko kama kiazi lishe, ambacho popote utakapokikata utakuta rangi ileile hadi moyoni. Jua halina ngozi ya kubabua. Uzito wake ni takriban gramu 310 kwa mita ya mraba, karibu nusu ya turubai zito la lori, na mtu mmoja anaweza kukifunga peke yake. Hakina tabaka la plastiki, hivyo mvuke hupenya kwenye ufumaji, huku dawa kilichopakwa kiwandani ikifanya matone ya mvua yateleze juu yake.

Nisifiche upungufu wake. Hakizuii maji kabisa, na maji yakituama juu yake kwa muda mrefu yatapenya. Hakipendi kusuguliwa, na cha kwangu kilitoboka ndani ya miezi minane pale kilipogusa kona ya kioo cha mbele, hadi nilipokishonea kiraka cha reksini (ngozi bandia) upande wa ndani. Dawa ya kufukuza maji huisha baada ya miaka michache na inabidi kupaka nyingine. Kinafuliwa kwa brashi laini, sabuni isiyo kali na maji yasiyo ya moto, na hakipigwi pasi. Bei yake ndiyo kikwazo kikubwa, kwani mita moja ilinigharimu mara kadhaa ya mita ya turubai la lori, na ilinibidi niagize kupitia ndugu aliyekuwa Nairobi.

Asiyeweza bei hiyo aangalie poliesta iliyotiwa rangi kwa njia hiyohiyo ya kuanzia kwenye malighafi. Ina nguvu kuliko akriliki, inastahimili msuguano na hailegei sana ikilowa, ingawa jua huidhoofisha mapema zaidi. Muuzaji atakutajia denia, ambayo ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Denia 600 ni ya kawaida, lakini msikubali namba hiyo peke yake iwapumbaze, maana inapima unene wa uzi na haisemi neno lolote kuhusu rangi, dawa wala ubanaji wa ufumaji. Kanvasi ya pamba inapumua vizuri sana na nyuzi zake huvimba zikilowa na kuziba matundu, lakini huoza ikikunjwa mbichi. Nailoni sishauri, kwa sababu hulegea ikilowa na jua huila haraka.

Dukani msiogope kuonekana wasumbufu. Mimi huomba kipande, nikakikata na kutazama kama moyo wa uzi una rangi. Kisha nakibana mdomoni na kupuliza: kama hewa haipiti hata kidogo, kuna tabaka la plastiki hata kama muuzaji anasema halipo. Baadaye, nikiwa nje, nashika ukingo wa kipande kwa koleo na kukiwasha. Pamba hunuka kama karatasi na kuacha majivu mepesi, ilhali poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Nimewahi kuuziwa poliesta nyembamba kwa jina la kanvasi, na jaribio hilo la dakika moja lingeniokoa.

Kuhusu rangi ya kitambaa, nyeusi na bluu iliyokoza huficha madoa lakini huongeza joto ndani, na joto ndilo linaloinua mvuke. Nyeupe huonyesha kila kinyesi cha mnandi na yangeyange, na kila alama ya wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi. Nilichagua kijivu na sijajuta.

Naomba michango, hasa ya mafundi.

Mchangiaji wa Nansio: Shikamoo mzee wangu, na asante kwa somo. Mimi nina mashua ya mbao ya mita 7 hapa Ukerewe, nayo huegeshwa majini, haivutwi nchi kavu. Akriliki siimudu na hata poliesta uliyoitaja ni mzigo kwangu. Je, hakuna namna ya kutumia turubai la lori nililonalo bila kuiozesha mashua? Jambo la pili, turubai langu hubonyea katikati mvua ikinyesha, na asubuhi nakuta dimbwi ambalo siwezi kulisukuma peke yangu.

Mleta mada: Marahaba kijana wangu. Nianze na hilo la pili, kwa sababu ndilo linaloua vifuniko vingi kuliko ubovu wa kitambaa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, na lita 1 ni kilo 1. Mashua yako ya mita 7 kwa takriban mita 2 ina eneo la mita 14 za mraba. Mvua ya milimita 30, ambayo kwa masika yetu si ajabu, ikituama yote ni kilo 420. Hakuna mshono ulioshonwa ili kubeba mzigo huo, na ubavu wa mashua nao unavutwa kwa ndani. Mvua nyingi za radi za ziwani huzaliwa usiku, wakati pepo za nchi kavu kutoka kingo zote zinapokutana juu ya maji yenye joto, kwa hiyo huwezi kutegemea kuamka na kusukuma maji kila mara. Funga mti wa mgongo kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), hata mwanzi mzima ukiwa imara, uuinue juu ya kingo za mashua kwa sentimita 50 au zaidi, ili turubai literemke pande zote mbili kama paa la nyumba. Zungushia ncha za mti matambara au vipande vya tyubu ya tairi ili zisitoboe. Dimbwi lisipokuwepo, na mbu nao hawatakuwa na mahali pa kutaga.

Ukishapata paa hilo, swali lako la kwanza linakuwa limejibika kwa sehemu kubwa. Usilifunge turubai likabana ubavu wa mashua. Acha nafasi ya kama sentimita 15 kati ya upindo na ukingo, na uache omo na tezi wazi kwa juu, kila upande ukiwa na kofia fupi ya kuzuia mvua ya ubavuni, ili upepo uingie upande mmoja na kutokea wa pili. Turubai lisilopumua linaweza kutumika mradi mashua ipumue pembeni. Na kabla ya kufunika, kombeni maji yote kwa chini na mkaushe kwa tambara, hata kama ni kikombe kimoja.

Fundi wa Kirumba: Mleta mada, umeeleza kitambaa vizuri, lakini umepita kasi penye mishono, na mimi ninayeletewa vifuniko vya kurekebisha naona kwamba karibu kila kinachofika kwangu kimekufa uzi huku kitambaa kikiwa kizima. Mtu ananunua akriliki ya fedha nyingi, kisha anaipeleka kwa mshonaji wa magauni ambaye anaishona kwa uzi wa pamba au nailoni ya kawaida. Mwaka haujaisha mishono inafumuka kama mtu anavyofungua gunia. Ombeni uzi wa poliesta uliotengenezwa kustahimili jua, ule mnene ambao haupiti kwenye sindano ndogo. Mimi hutumia sindano namba 18 na mashine nzito ya kushonea viti. Upo pia uzi wa PTFE (tefloni), ambao jua haliudhuru na hudumu hata kuliko kitambaa, ila ni ghali na unateleza, unahitaji fundi aliyeuzoea.

Hatua za mshono ziwe ndefu, kama milimita 4. Wateja wengi wanadhani mshono wa karibukaribu ndio imara, kumbe kila tundu la sindano ni mlango wa maji, na matundu yakisongamana kitambaa kinachanika kwa mstari kama karatasi ya stempu. Kunjeni kingo mbili zikumbatiane na kushonwa mara mbili, na mkunjo ulale kuelekea chini ili maji yateleze juu yake badala ya kuingia mfukoni mwake. Mshono usikae kamwe mahali kitambaa kinapobonyea. Akriliki huchambuka kingo, kwa hiyo mimi naikata kwa kisu cha moto. Wakati wa kuunganisha naibana kwa vibanio vya nguo, sitoboi kwa pini, kwani pini nayo inaacha tundu. Vijicho vya kamba navitia penye tabaka tatu za kitambaa, na ndani yake naongeza kipande cha reksini.

Mleta mada: Dada fundi, nashukuru sana. Mimi mwenyewe nilishona upya kifuniko changu mwaka wa nne kwa sababu hiyohiyo, na nilipaswa kulisema tangu mwanzo.

Mchangiaji wa Igombe: Naheshimu maoni yenu, lakini sikubaliani na yote. Boti yangu hutoka karibu kila usiku kwenda dagaani. Kifuniko kinafunguliwa jioni, kinakanyagwa na watu sita, kinaburutwa juu ya mawe, kinamwagiwa mafuta, na mchana kinafunika nyavu zinazonuka. Akriliki ingedumu kwangu miezi mingapi? Turubai la lori limenitumikia miaka minne na bado lipo. Boti inayofunguliwa kila siku inakauka yenyewe, haihitaji kitambaa cha kupumua.

Mleta mada: Ndugu yangu, kwa boti ya kazi kama yako uko sahihi, na nakiri nilikuwa nikifikiria zaidi boti inayokaa siku nyingi bila kuguswa. Kinachofunguliwa kila siku kinahitaji nguvu dhidi ya msuguano kwanza, na hapo PVC haina mpinzani kwa bei yake. Naongeza mambo mawili tu. PVC hulainishwa kwa viungo ambavyo jua huviondoa taratibu, kwa hiyo turubai linapoanza kukakamaa na kuonyesha mistari kwenye mikunjo, livingirisheni badala ya kulikunja, nalo litadumu zaidi. Jambo la pili ni petroli. Mnapofunika boti mchana na tangi likiwa ndani, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala chini sakafuni na hautoki wenyewe. Chini ya turubai lisilopumua, lililofungwa kubana, cheche moja ya betri inatosha. Toeni tangi, au acheni uwazi chini ya upindo, na mkifunua subirini upepo upite kabla mtu yeyote hajagusa swichi wala kuwasha sigara.

Mchangiaji wa Nansio: Mzee, nimefunga mti wa mgongo kama ulivyoelekeza, nimetumia mianzi miwili iliyofungwa pamoja. Jana usiku mvua imenyesha hadi alfajiri, dimbwi halikuwepo. Ila upepo uliinua upindo na kuupigapiga ubavuni usiku kucha.

Mleta mada: Vizuri sana. Usiuvute kwa kamba ngumu, kwa kuwa kila pigo la upepo litaishia kwenye kijicho na kukichomoa. Kata vipande vya tyubu ya tairi, uvifunge kati ya kijicho na kamba, ili vivutike na kurudi. Kama huna pa kufungia, ning'iniza mifuko midogo ya mchanga kwenye upindo, kila baada ya hatua moja. Mimi nilianza na chupa za maji, lakini zilikwaruza rangi ubavuni.

Kijana wa jirani yangu amesoma michango yote. Amechukua poliesta ya kijivu, na leo asubuhi tumempimia: urefu juu ya mti wa mgongo mita 6.4, upana wa kutoka upindo hadi upindo ukipitia juu ya mgongo mita 3.1, pamoja na sentimita 10 za pindo kila upande. Kesho anapeleka Kirumba kwa dada fundi, pamoja na uzi wake.